Maswali ya wasomaji: Vioo vya LCD kutoka kwenye mashine mbovu

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: namna ya kupata kioo cha LCD kwa bei ya chini, au bila kununua kabisa, na kukifanya kiitikie maikrokontrola (kompyuta ndogo iliyomo kwenye chipu moja). Tumezijibu zile zitakazowafaa wengi.

Nianze kufungua ipi?

*Ndugu mhariri, salaam. Fundi mmoja ameniruhusu nichukue nitakacho kwenye rundo lake la mashine mbovu. Kuna printa, faksi, kalkuleta, simu, mita za umeme, na karibu zote zina vioo. Nianze na zipi?*

Anza na mashine za ofisini za zamani. Printa, faksi, fotokopi, simu za mezani, mashine za risiti, UPS kubwa na paneli za kengele za wezi ndimo vinamokaa vioo vya herufi, vile vya mstari mmoja, miwili au minne ambapo kila herufi ina kisanduku chake cha nukta 5 kwa 8. Geuza kioo nyuma. Ukikuta bodi yenye tone moja au mawili ya gundi nyeusi, fremu ya chuma iliyobanwa kwa vikucha vilivyopindwa, na safu ya matundu 14 au 16, chukua bila kusita.

Unachotafuta hasa si kioo, ni chipu inayokiendesha, yaani kontrola. Vioo vingi vya namna hii vina HD44780 ya Hitachi au jamaa zake KS0066, ST7066 na SPLC780, ambazo zote huelewa amri zilezile. Kioo kizuri ambacho kontrola yake haijulikani kitakuchosha. Kioo chenye mikwaruzo ambacho kontrola yake unaifahamu kitafanya kazi jioni hiyohiyo. Kalkuleta, saa na mita ziweke kando kwa sasa, nazo tutazijia kwenye barua ya mwisho. Simu janja ziache.

Tuna ombi moja ambalo tungependa kila msomaji alishike. Kama mashine bado inawaka, hata kama imekufa sehemu nyingine, usikate waya wala usilehemue kitu kabla hujapima. Printa iliyoziba kichwa cha wino bado inaandika ujumbe kwenye kioo chake, na wakati huo kila pini inakuambia kazi yake. Shika ncha nyeusi ya multimita (mita ya fundi ya kupimia volti) kwenye graundi, yaani upande wa volti 0, gusa pini moja baada ya nyingine kwa ncha nyekundu, uandike namba zote kwenye karatasi. Pini yenye volti 5.0 au 3.3 isiyotikisika ni ya umeme. Yenye 0 kamili huenda ni graundi. Yenye volti 0.3 hadi 1 iliyotulia mara nyingi ni ya kontrasti. Zinazochezacheza katikati, mara 1.7 mara 2.4, ni njia za data. Piga na picha ya utepe wa waya za kioo ukiwa bado umechomekwa, ionyeshe upande upi ni wa pini ya kwanza.

Mwenye analaiza ya lojiki (kifaa cha kunasa ishara za data), hata ile ndogo ya chaneli 8, anase sekunde ya kwanza baada ya kuwasha. Amri za mwanzo ni kama saini. Ukiona 3, 3, 3, 2 kwenye njia nne za data, hiyo ni jamii ya HD44780. Ukiona 0x11 (0x ni alama ya namba za msingi wa 16), kisha kitambo kidogo, kisha 0x29, hicho ni kioo cha rangi cha jamii ya ILI9341 au ST7735. Ikianza na 0xE2 na baadaye ikaja 0xAF, fikiria ST7565. Bila kunasa, kioo chenye chipu iliyobandikwa juu ya glasi yenyewe na utepe usio na maandishi hakitambuliki kwa kukitazama tu.

Upimaji huo ufanye kwenye mashine zinazotumia adapta ya nje, au zile ambazo sehemu ya umeme wa ukutani imefunikwa kwenye kisanduku chake. Kabla ya kubomoa, chomoa waya na upime kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani; inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 muda mrefu baada ya kuzimwa. Oveni ya maikrowevu usiifungue kwa ajili ya kioo. Kapasita iliyomo humo hufikia maelfu ya volti, nayo inaua.

Kioo hakina jina, pini 16 hazina maandishi

*Nimetoa kioo cha mistari miwili kwenye fotokopi iliyokwisha kuvunjwa, kwa hiyo siwezi kuiwasha. Nyuma kuna namba nisiyoipata popote. Nitajuaje pini ipi ni ipi bila kukiunguza?*

Mpangilio wa kawaida ni huu: 1 graundi, 2 volti 5, 3 kontrasti (VO), 4 RS (huchagua amri au herufi), 5 R/W (kusoma au kuandika), 6 E (ishara ya kupokea data), 7 hadi 14 ni njia za data D0 hadi D7, 15 chanya ya taa ya nyuma, 16 hasi yake. Lakini usiuamini kabla ya kuuthibitisha. Kuna watengenezaji walioziweka pini 1 na 2 kinyume, na kuna bodi ambazo 15 na 16 zimekaa mwanzoni, kabla ya pini ya kwanza. Umeme ukiingia kinyume kontrola hufa papo hapo, nawe utabaki kudhani kioo kilikuwa kibovu tangu mwanzo.

Tafuta graundi kwanza. Weka mita kwenye mlio, gusa fremu ya chuma au duara la bati linalozunguka tundu la skrubu, kisha pitia pini zote. Mara nyingi inayolia ni graundi. Hakikisha kwa kufuata njia pana ya shaba kwenye bodi, na kwa kuangalia kapasita ndogo iliyo karibu na chipu: upande wake mmoja ni graundi, wa pili ni umeme. Ukibahatika chipu iwe wazi badala ya kufunikwa gundi, na imeandikwa HD44780 yenye miguu 80, kazi imekwisha: mguu wa 23 ni graundi, 33 ni umeme, 36 ni RS, 37 ni R/W, 38 ni E, na 39 hadi 46 ni D0 hadi D7. Fuata kila mmoja kwa mlio wa mita mpaka kwenye tundu lake.

Sasa kiwashe kwa tahadhari. Pitisha volti 5 kwenye rezista ya omu 100 kabla ya kuingia kwenye kioo, bila kuunganisha taa. Kioo kizima hutumia miliampia chache tu, kwa hiyo kwenye ncha mbili za rezista hiyo utasoma sehemu ndogo ya volti, kama 0.2. Ukisoma volti 2 au 3, chomoa haraka, umekosea pini. Rezista ndiyo iliyokuokoa.

Kikiwa na umeme na pini nyingine zote zikiwa wazi, pima kila moja. HD44780 inazivuta juu yenyewe RS, R/W na D0 hadi D7, kwa hiyo utapata pini kumi zinazosoma karibu na volti 5. E haivutwi, namba yake huelea na kubadilika ukisogeza mkono. VO nayo inajitambulisha kwa namna yake: ishushe hadi graundi kupitia rezista ya kiloomu 1, na mstari wa kwanza utajaa visanduku vyeusi. Visanduku hivyo vikitokea, una kioo kizima mkononi.

Taa ijaribu peke yake, volti 5 kupitia rezista ya omu 470. Isipowaka, geuza ncha. Ikiwaka, pima volti kwenye pini za taa zenyewe. Ukipata karibu 3 ni taa moja, kwa kawaida nyeupe au ya buluu, na miliampia 15 hadi 20 zinaitosha. Ukipata karibu 4 ni taa mbilimbili zilizofuatana, zile za kijani-njano za zamani, ambazo zinaweza kula zaidi ya miliampia 100. Hizo usizilishe kutoka kwenye pini ya maikrokontrola, tumia transista.

Neno moja kuhusu kung'oa. Mashine imeshakufa, kwa hiyo bodi yake ndiyo ikatwe, si ya kioo. Kata pini za kichwa katikati, kisha zitoe moja moja kwa koleo ndogo huku ukipasha kila tundu kwa nyuzi 350 hivi. Anayelazimisha pini zote 16 zitoke pamoja huondoka na pete za shaba za ndani ya matundu.

Visanduku vyeusi na hakuna maandishi

*Kioo changu kinaonyesha visanduku mstari wa juu tu. Programu inasema imetuma maneno. Rafiki yangu anasema kioo kimekufa.*

Hakijafa. Visanduku vya mstari wa kwanza maana yake umeme upo, kontrasti ipo, lakini kontrola haijapokea maagizo ya kuanza. Angalia E na RS kwanza, maana hizo ndizo hubadilishana kimakosa mara nyingi zaidi, kisha hakikisha R/W iko graundi. Ukitumia njia nne, ni D4 hadi D7, si D0 hadi D3.

Kama waya ziko sawa, tatizo ni muda. Vioo vya kuokota vingine ni vizito kuamka kuliko maktaba ya programu (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) inavyotarajia. Andika mwanzo wako mwenyewe: ngoja milisekunde 50 baada ya umeme kuingia, tuma 0x3, ngoja milisekunde 5, tuma 0x3 tena, ngoja maikrosekunde 150, tuma 0x3 mara ya tatu, kisha 0x2. Baada ya hapo tuma amri kamili: 0x28 kwa mistari miwili, 0x0C kuwasha, 0x01 kufuta na ungoje milisekunde 2, halafu 0x06. Amri nyingine huchukua maikrosekunde 37 kila moja. Zipe 50 na hutapata shida.

Kisipoonyesha hata visanduku, usiguse programu. Zungusha voliumu ya kiloomu 10 ya kontrasti mpaka mwisho upande wa graundi. Vioo vilivyotengenezwa kwa mazingira ya baridi au joto kali huhitaji VO ishuke chini ya sifuri, na bila hilo hubaki vitupu hata vikiwa vizima.

Nusu ya mstari imelala

*Kioo changu kina mstari mmoja wa herufi 16, lakini nane za mwisho haziandikiki.*

Ndani yake ni mistari miwili ya herufi nane iliyopangwa ubavu kwa ubavu. Tumia 0x28 kana kwamba ni ya mistari miwili, na herufi ya tisa ianzie anwani 0x40. Na wale mnaouliza kwa nini kioo cha 20 kwa 4 kinaruka kutoka mstari wa kwanza kwenda wa tatu: anwani za mistari yake zinaanzia 0x00, 0x40, 0x14 na 0x54, kwa hiyo maandishi yakizidi mstari wa kwanza huangukia wa tatu.

Bodi ya volti 3.3, kioo cha volti 5

*Maikrokontrola yangu ni ya volti 3.3. Je, nitaiunguza nikiiunganisha na kioo cha zamani? Na ile bodi ndogo ya waya mbili inayobandikwa mgongoni mwa kioo inasaidia?*

Kioo kilishe volti 5, kisha funga R/W moja kwa moja kwenye graundi. Kwa kufanya hivyo kioo hakiwezi kurudisha volti 5 kwenye bodi yako, kinasikiliza tu. Nacho kinahesabu chochote kinachozidi volti 2.2 kuwa ni juu, kwa hiyo 3.3 inasikika vizuri.

Ukikilisha volti 3.3, kontrola itafanya kazi lakini glasi itafifia, kwa kuwa glasi inataka karibu volti 4.5 kati ya umeme na VO. VO itabidi ishuke hadi volti hasi 1.2 hivi. Unaweza kuipata kwa pini moja inayopigapiga kwa kilohezi chache, kapasita mbili za maikrofaradi 10 na daiodi mbili za Schottky zilizopangwa kama pampu ya chaji, au kwa chipu ya ICL7660.

Bodi ya mgongoni ina chipu ya PCF8574 na inapunguza waya hadi nne. Iko kwenye anwani 0x27 kwa kawaida, au 0x3F ikiwa ni PCF8574A. Ukikosa moja jaribu nyingine kabla ya kulaumu kioo. Angalia tu kwamba rezista zake mbili za kuvuta juu zimefungwa kwenye volti 5, na hizo zinaweza kudhuru bodi yako ya 3.3. Zitoe, uweke zako za kiloomu 4.7 kuelekea 3.3.

Kioo cha picha chenye pini 20

*Nina kioo cha nukta 128 kwa 64 kutoka printa ya 3D iliyokufa. Maktaba ya KS0108 haionyeshi kitu.*

Printa nyingi za 3D za zamani zilitumia kontrola ya ST7920, si KS0108, ingawa vyote vina pini 20 na vinafanana kwa macho. Fuata pini 15 na 16. Kwenye KS0108 zote mbili zinaingia ndani, kwa kuwa kila moja huchagua nusu ya kioo yenye nukta 64 kwa 64. Kwenye ST7920 pini ya 15 ni PSB, na ya 16 mara nyingi haiendi popote. Ukiifunga PSB kwenye graundi, kioo kitaongea kwa waya tatu: pini 4 ni ya kuchagua, nayo inafanya kazi ikiwa juu, 5 ni data na 6 ni saa. Wengi hukwama hapo kwenye pini 4, kwa kuwa chipu nyingine nyingi huchaguliwa kwa kushushwa.

Picha nzima ya kioo hiki inachukua baiti 1,024. Kwenye maikrokontrola ya ATmega328P yenye baiti 2,048 za RAM hiyo ni nusu ya kumbukumbu yote, kwa hiyo ichore kwa vipande.

Kioo cha simu, kioo cha laptopu

*Nina vioo vitano vya simu janja na kimoja cha laptopu. Naweza kuviunganisha na maikrokontrola ndogo?*

Hapana, na tusingependa upoteze wiki zako. Kioo cha simu janja hutumia njia ya MIPI DSI, yenye kasi ambayo maikrokontrola ndogo haina. Cha laptopu hutumia LVDS au eDP na hakina kumbukumbu ya picha. Lazima kilishwe picha nzima upya takribani mara 60 kwa sekunde. Hata kioo kidogo cha nukta 800 kwa 480 chenye baiti mbili kwa nukta kinataka baiti 768,000 kila mara, yaani zaidi ya megabaiti 46 kwa sekunde. Cha laptopu kitafaa ukikipatia bodi ya kukiendesha inayolingana na namba iliyo kwenye kibandiko chake cha nyuma, ukakitumia kama monita. Kama ni cha zamani chenye mrija wa CCFL (taa ya nyuma ya mrija), kumbuka mrija huo una zebaki ndani na inveta yake hutoa mamia ya volti.

Simu zinazokufaa ni zile za kubonyeza za zamani. Kioo cha Nokia 5110 kina kontrola ya PCD8544, nukta 84 kwa 48, picha yake nzima ni baiti 504, na volti 3.3 inakitosha.

Mistari ya wima imepotea

*Kioo kinaandika lakini baadhi ya nguzo za nukta hazionekani. Nikibonyeza fremu zinarudi.*

Kurudi kwake ukibonyeza ni habari njema. Kati ya glasi na bodi kuna ukanda wa mpira wenye milia myembamba inayopitisha umeme, na uchafu umeingia. Nyoosha vikucha vya fremu taratibu, maana vingi huvunjika vikipindwa mara ya pili au ya tatu. Inua glasi, futa ukingo wake, mpira na vidole vya dhahabu vya bodi kwa pamba yenye isopropanoli, acha vikauke kabisa, kisha rudisha bila kugusa kwa vidole. Pinda vikucha kwa zamu, wa kulia halafu wa kushoto, ili glasi ikandamizwe sawasawa.

Ikiwa badala ya mpira kuna utepe wa plastiki uliogandishwa kwenye glasi, usiulehemu, utayeyuka. Wengine huupasha upya kwa nyuzi 120 hadi 150 juu ya kipande cha mpira wa silikoni, sekunde chache kila mahali. Hufaulu nyakati nyingine tu. Doa jeusi linalotambaa nalo halina dawa, glasi imepasuka.

Glasi tupu ya mita au saa

*Nina glasi ya tarakimu nne isiyo na chipu. Nikiigusisha betri, vipande vinaonekana. Kwa nini naambiwa nisifanye hivyo?*

Kwa sababu umeme wa upande mmoja unaiharibu. Vimiminika vya ndani huanza kuchambuliwa na umeme huo, na kipande kilichoachwa hivyo hufifia kisirudi tena. Glasi inataka umeme unaogeuka upande mara 30 hadi 100 kwa sekunde.

Kwa kuitambua, chukua pini mbili za maikrokontrola, moja iwe juu wakati nyingine iko chini, zibadilishane kila milisekunde 8. Shika ya kwanza kwenye pini ya pembeni ya glasi, pitisha ya pili kwenye pini nyingine zote, uandike kipande kipi kimetokea. Kama tarakimu nne zina pini 30 au zaidi, karibu kila kipande kina pini yake na moja ni ya pamoja: ukiipigapiga ya pamoja, kipande kinachopigwa nayo sawia huzima, kinachopigwa kinyume chake huwaka. Rejista nne za kusukuma (chipu za “shift register”), za biti 8 kila moja, zitakutosha kwa kazi hiyo.

Kama pini ni 12 hadi 18 tu, vipande vinashirikiana, na volti za katikati zinahitajika. Hapo usihangaike kuzitengeneza kwa rezista. Chipu ya HT1621 inaendesha vipande 128, njia 32 kwa nne za pamoja, kwa waya tatu tu. Weka bayasi ya 1/3 na zamu ya 1/4 ikiwa umehesabu nne za pamoja, halafu shusha volti ya VLCD kidogo kidogo kwa voliumu mpaka vipande vilivyozimwa viache kuonekana kama kivuli.